Ukuta wa Tallinn na Jiko la Mama Godson

Chatsworth, Durban
25 Agosti 2024

Mama Sia,

Barua yako nimeipata jana. Niliifuata mwenyewe Overport kwa Madam Beryl, nikasimamishwa getini nusu saa kama muuza mifagio. Salamu nitaziweka mwisho kwa sababu nina jambo. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Mimi ni fundi, nakijua kitu kilichorudishiwa plasta. Kama ni wewe uliyeifungua ukaongeza neno, sema. Kama si wewe, ni nani?

La pili. Ulisema miezi mitatu. Uliondoka Mei kwenda kumhudumia Bibi, mama yake Madam Beryl, huko ng'ambo Tallinn kwa mwanawe, huyo Neville, Agosti uwe umerudi. Agosti inaisha. Sasa unaniambia Bibi hajapata mtu mwingine wa kumwogesha, na simu hairuhusiwi kazini. Kazi gani hiyo isiyoisha? Sisi huku ghalani Mobeni tunanyang'anywa simu asubuhi, lakini saa kumi na moja jioni tunarudishiwa.

Salvator, yule Mrundi wa chumba cha pili, alinitafutia huo mji kwenye simu yake. Nikaona ukuta wa mawe na minara yenye kofia nyekundu. Nikamwambia mke wangu yuko hapo. Akaniambia, "Kaka, ukuta iko kweli, nimeiona. Lakini mke iko hapo ama haiko, hiyo simu haisemi." Nilicheka, lakini maneno yake hayajanitoka.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Nenda kwenye huo ukuta. Uguse kwa mkono wako. Minara usinielezee, nimeshaiona. Niambie umejengwa vipi. Miaka sita ulikuwa saidia fundi wangu kule Moshi, ulibeba maji na udongo kuliko wanaume. Hakuna mtu wa kukudanganya wewe kuhusu ukuta, na wewe huwezi kunidanganya mimi.

Sia hajambo. Siku hizi ananisahihisha Kiingereza mbele za watu.

Ni mimi,
Baba Sia


Tallinn
15 Septemba 2024

Baba Sia,

Nimekwenda, ili moyo wako utulie.

Jumapili iliyopita Bwana Neville aliniruhusu nimtoe Bibi na kiti chake cha magurudumu, tukapanda tramu mpaka mji mkongwe. Unaingia kwa lango lenye minara miwili minene, kama walinzi wawili waliokula vizuri. Ndani njia zote ni za mawe ya mviringo. Kiti kinaruka, Bibi anaruka, ananiambia, "Atu, leo utaniua," huku anacheka kama msichana.

Sasa ukuta. Si tofali. Ni jiwe la chokaa la kijivu, la kukatika bapa lenyewe, mengine membamba kama daftari, mengine manene kama godoro. Wameyalaza, hawakuyasimamisha. Kila jiwe limekalia kiungo cha mawili ya chini yake, huoni mahali ambapo ufa unaweza kupanda moja kwa moja. Kwenye kona wameweka yale makubwa, moja linaelekea huku, la juu yake linaelekea kule. Udongo wake ni chokaa na mchanga wenye changarawe, ungenigombeza kwamba haukuchekechwa. Mguu wa ukuta ni mpana kuliko nilivyotandaza mikono. Na ndani ya jiwe moja, usawa wa kiuno changu, kuna ganda la konokono wa baharini lililogeuka jiwe nalo. Nililigusa kwa niaba yako. Chini ya ukuta wanawake wanauza soksi na glavu za sufu. Nilisimama hapo muda mrefu mpaka mmoja akaanza kunipimisha glavu.

Tulikutana na kijana Mtanzania, Goodluck, mtu wa Marangu, anasoma chuo hapa. Alinisikia nikimwambia Bibi "pole" akaja mbio. Ndiye aliyetupiga picha hii. Akaenda kuisafisha dukani papo hapo, na namba yake ameiandika nyuma, anasema ukipenda mpigie, amemisi kuongea na watu wa nyumbani. Kiti kilikuwa kizito, akatusukumia Bibi mpaka mlangoni.

Kuhusu bahasha, barua zote zinasafiri kwenye vifurushi vya biashara kati ya Bwana Neville na dada yake Beryl. Mimi nampa karatasi, yeye anafunga. Ana simu inayosoma Kiswahili. Barua yako alinisomea kwa Kiingereza kabla hajanipa. Pale pa plasta alicheka sana. Basi uandike vizuri.

Mbusu Sia shavu la kushoto, la kulia nitambusu mwenyewe.

Mama Sia


Chatsworth
6 Oktoba 2024

Mama Sia,

Ukuta nimeuelewa. Ni kazi ya watu waliojua wanachofanya. Nilimsomea Salvator ile sehemu ya kona, hata yeye asiyejua kushika mwiko aliniomba nirudie.

Sasa tuje kwa kijana. Ukuta umeupa mistari kumi, na kijana umempa mitano. Mitano ni mingi kwa mtu uliyekutana naye njiani. Picha nimeiangalia. Bibi anaangalia chini, wewe unamwangalia mpiga picha. Siku ya harusi yetu ulikuwa unaangalia viatu. Huyo anasoma nini chuoni kinachompa nafasi ya kusukuma wazee wa watu Jumapili? Tena mpaka mlangoni. Aliishia mlangoni? Na namba aliiandika nyuma ili nimpigie mimi, au ili wewe usiisahau?

Mimi niliishia darasa la tano, lakini macho yangu yalimaliza shule. Ghalani tunapanga maboksi kwenye paleti toka asubuhi, mafuta ya kupikia na sabuni. Mgongo umekuwa wa mzee. Nikirudi kwa teksi tunasimama kwenye kila robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, na kila tunaposimama namuona huyo kijana anasukuma kiti.

Usitoke naye tena. Na wewe Bwana Neville, kama unasoma na hii, soma vizuri. Mke wangu alikuja huko kufanya kazi, hakuja kutembezwa na vijana.

Baba Sia


Tallinn
3 Novemba 2024

Mpendwa mume wangu Anselmo,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo na nina furaha sana. Bwana Neville na familia yake wananitunza vizuri. Kazi yangu itaendelea mwaka mmoja zaidi.

Bwana Neville amekubali Sia aje kuishi nasi. Atasoma shule nzuri. Madam Beryl anasafiri kuja huku tarehe thelathini Novemba, naye atamleta. Mtoto hawezi kutoka nchini bila kiapo cha baba. Nenda kituo cha polisi, uape kwamba umekubali asafiri, hati igongwe muhuri, umpe Madam Beryl mapema.

Uliniuliza kuhusu ukuta. Nimekwenda tena kuutazama vizuri. Ni wa tofali nyekundu. Umejengwa tofali juu ya tofali, viungo vyote vimenyooka mstari mmoja toka chini mpaka juu, kama lile jiko la Mama Godson ulilokuwa unalisifu. Ni imara sana. Nyumba ninayokaa nayo imejengwa hivyo hivyo. Nafurahi kwamba Sia atalala ndani yake.

Likumbuke jiko hilo utakapokuwa unasaini.

Mkeo akupendaye,
Atuganile


Chatsworth
17 Novemba 2024

Atuganile,

Leo sikuiti Mama Sia.

"Mpendwa mume wangu Anselmo." Nani amekufundisha hayo? Toka tuoane hujawahi kuniita hivyo, hata nilipolazwa na malaria. Hiyo ni lugha ya mtu wa chuo. Naona alikaa pembeni yako anakutajia na wewe unaandika.

Na ukuta. Septemba ulikuwa jiwe la kijivu, Novemba umekuwa tofali nyekundu. Ukuta uliokaa mamia ya miaka haubadilishi nguo kwa miezi miwili. Kwa hiyo safari mojawapo hukwenda, na nadhani najua Jumapili hiyo ulikuwa wapi. Kinachoniuma ni kwamba hata uongo wenyewe hukuupanga. Umeona kwamba kwa Anselmo chochote kitapita.

Picha nimeichana.

Hati niliiapia juzi Ijumaa. Polisi wamegonga muhuri na nimempa Madam Beryl mkononi. Safari hii hakunisimamisha getini, alinipa na juisi. Mchukue mtoto. Ya nini akae na baba anayerudi kazini hawezi hata kuinua kijiko, wakati mama ana furaha sana? Kaeni huko wote na kijana wenu.

Anselmo


Durban
20 Novemba 2024
Ujumbe kwa simu ya Salvator

Ndugu Goodluck,

Kama huyu si Goodluck, bali ni yule mzee aliyenifokea jana mara mbili, naomba samahani ya tatu. Picha yenye namba niliichana, nimeiunganisha, na kuna kipande kimoja kina 6, au 9, inategemea unakishikaje.

Kama ni Goodluck, mimi ni mume wa Atuganile, yule mama uliyempiga picha Septemba akiwa na Bibi wa kiti. Nimekuchukia miezi miwili. Hilo tutalimaliza siku nyingine. Salvator anasema niandike kwa kifupi, lakini simu ni yake na habari ni yangu.

Jana ghalani aliletwa mtu mpya, Sébastien, mtu mzima kutoka Kongo. Akapanga maboksi ya mafuta kwenye paleti, boksi juu ya boksi, kona juu ya kona, mnara umenyooka unapendeza. Msimamizi akamwambia, "Pishanisha, itaanguka hiyo." Yeye akajibu, "Iko nguvu, boss, angalia." Foklifti ikaiinua. Upande mzima ukafunguka kama mlango, mafuta yakatapakaa sakafuni. Watu wakacheka. Mimi nikakaa chini. Msimamizi akaniuliza, "Eish, madala, unaumwa?" Madala ndiyo mzee kwa lugha ya huku.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimeliona jiko la Mama Godson.

Mke wangu aliniandikia kwamba ukuta wa huko una viungo vilivyonyooka kama jiko hilo, na kwamba ni imara, na kwamba mimi nililisifu. Sikulisifu kamwe. Alilijenga shemeji ya Mama Godson kwa ubishi, kule Moshi. Nilimwambia Atuganile asiingie humo hata kuomba moto. Lilianguka mvua ya kwanza tu, na ni Atuganile aliyewafukua watoto wawili kwenye kifusi kwa mikono yake. Mtu huyo hawezi kulisahau, wala kuliita imara. Anajua barua zetu zinasomwa na simu ya tajiri wake. Akaandika maneno ambayo simu inayasoma lakini haijui jiko lilianguka. Mimi nalijua, na nikasoma mstari huo mara tatu, nikaona tofali nyekundu na wewe. Nilikuwa nimeshikwa na wivu, nikasaini hati ya kumpeleka mtoto wangu ndani ya nyumba hiyo.

Leo nimerudi kituoni kuapa kwamba kiapo cha kwanza nimekifuta. Polisi akaniuliza, "Baba, Ijumaa ulikubali, Jumatano unakataa, wiki ijayo tukutegemee saa ngapi?" Nimemwambia agonge muhuri tu. Sia yuko kwa Ninahazwe, mke wa Salvator, na Madam Beryl hapajui.

Sasa wewe. Mlango ule unaujua, wewe ndiye uliyefika. Nenda. Usiende peke yako, nenda na mtu mwenye sauti katika nchi hiyo. Uliza mke wangu yuko wapi na pasipoti yake iko wapi. Usikubali kuambiwa hajambo. Umuone.

Anselmo, baba yake Sia


Tallinn
22 Novemba 2024

Kaka Anselmo, shikamoo.

Ni mimi Goodluck. Nisamehe nilichelewa kujibu, nilidhani ni matapeli. Habari ya jiko la Mama Godson ndiyo iliyonifanya niamini, tapeli hawezi kutunga hiyo.

Jana nilikwenda na mwalimu wangu, mama wa hapa, na polisi wawili. Bwana Neville alifungua kwa adabu akasema Dada Atuganile amelala. Ilikuwa saa nane mchana. Tukamsikia Bibi toka ndani anasema kwa sauti, "Muongo huyo. Yuko jikoni, na ufunguo uko mfukoni mwa mwanangu." Bibi huyo huyo ndiye aliyewaonyesha polisi droo yenye pasipoti. Alipoona Dada anaondoka alimshika mkono, akasema sasa nani atamwogesha, kisha akamwachia.

Dada yuko salama kwenye nyumba ya kuhifadhi akina mama. Mimi mwenyewe sijaambiwa ilipo, anajua mwalimu peke yake. Nimeona nikuandikie hilo mapema, kaka, kabla hujauliza.

Nilimpa simu akupigie. Alisema uandike wewe kwanza.

Goodluck


Chatsworth
24 Novemba 2024

Mama Sia,

Nimeandika kwenye karatasi. Salvator ataipiga picha, mwalimu akupe. Safari hii hakuna wa kuifungua.

Umetaka nianze, naanza na baya. Nilisaini. Sikudanganywa na Beryl wala Neville, nilisaini kwa hasira yangu, kwa kalamu yangu, nikiwa na akili zangu. Wewe uliniambia wazi na mimi nilikuwa na kazi ya kukuchunguza. Nilijifanya naupima ukuta kumbe nakupima wewe. Kama Sébastien asingekuwa mbishi, mtoto angepanda ndege Jumamosi ijayo. Ningeweza kukaa kimya kwa sababu hati nimeshaifuta. Lakini wewe ungejua, huwa unajua.

Beryl alikuja hapa juzi na gari. Alimkuta Salvator mlangoni, akauliza mtoto yuko wapi. Salvator akamwambia, "Madam, hapa mtoto haiko. Iko mimi."

Picha niliichana mara nne. Vipande vyote ninavyo. Uso wako umebaki mzima. Nadhani mikono iliukwepa yenyewe.

Niambie unarudi au hurudi. Na usinifiche chochote, hata kama kitaniuma.

Baba Sia


Tallinn
1 Desemba 2024

Baba Sia,

Najua ulisaini. Hati niliiona kabla hujaniambia. Madam Beryl aliituma kwa simu siku ile ile, na Bwana Neville akaniwekea mbele ya macho nikiwa namlisha Bibi. Sahihi yako naijua, ile A inayoegemea kama ngazi. Uji wote ukamwagikia Bibi. Mlango uliofungwa nilikuwa nimeuzoea, sikuulilia. Nililia kwa sababu nilikutumia jiko zima na hukuliona.

Umesema nisikufiche. Mlango walianza kuufunga baada ya barua yako ya Oktoba. Aliisoma, akaja na ufunguo, akaniambia, "Mumeo ana haki. Hutatembezwa tena." Pasipoti alikuwa nayo toka Juni. Mara ya pili sikwenda ukutani, nilikuwa naandika na yeye amesimama nyuma yangu na simu yake. Sia walimtaka ili nisiulize tena habari ya kurudi, na ili akikua kidogo amsukume Bibi. Hilo Bwana Neville alilisema mezani kama mtu anayesema bei ya nyanya.

Goodluck nimemuona mara mbili maishani mwangu. Ya kwanza alisukuma kiti, ya pili alisimama nyuma ya polisi anatetemeka kuliko mimi. Ni mtoto wa miaka ishirini na mbili. Ananiita dada, na shikamoo juu.

Jana mwalimu wake alinipeleka mji mkongwe. Kuna theluji juu ya ukuta, nyembamba, kama chokaa ya kupakwa mara moja. Nilimtafuta konokono wangu, usawa wa kiuno, nikamkuta. Wanawake wa soksi walikuwepo. Yule wa glavu alinikumbuka, akanipimisha tena, safari hii nikanunua za Sia. Hatazihitaji Durban, lakini atazitaka.

Narudi. Tarehe saba Desemba, saa nane mchana, uwanja wa ndege wa Durban. Njoo na Sia, Salvator akitaka naye aje. Usije na maneno mengi, nitakuwa nimechoka.

Na ile picha uje nayo. Usisafishe nyingine, wala usimwambie Salvator airekebishe kwenye simu. Nataka hiyo hiyo, na gundi yake. Unasema uso wangu ulibaki mzima, mikono yako iliukwepa.

Nitaangalia mwenyewe.

Mama Sia